Picha Imetangulia, Kitabu Ki Wapi?

Imezuka miongoni mwa walimu na wazazi lawama moja ambayo yafaa ipimwe kabla haijageuka kuwa sheria. Lawama yenyewe ni hii: kwamba kijana anayetazama filamu iliyotokana na kitabu kabla ya kukisoma kitabu chenyewe amejidhulumu nafsi yake na amemdhulumu mwandishi; kwamba amevuna asipopanda, na kwamba fasihi haitamfaa tena. Maneno haya husemwa kwa uchungu, na wanaoyasema ni watu wanaokipenda kitabu. Hatuna ugomvi na mapenzi yao. Hata hivyo twapenda kusema tangu mwanzo kwamba hatukubaliani nao. Ukweli kidogo wanao, nasi tutautaja mahali pake. Lakini wamemkamata asiye mwizi, na mwizi mwenyewe amekaa pembeni akiwatazama.

Maneno haya tumeyasikia Nachingwea, tukayasikia tena Ruangwa. Katika shule moja ya wilaya hizi mbili, ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa haja yetu si kumwumbua mtu, tulimkuta mwalimu wa Kiswahili amewasimamisha wanafunzi sita wa kidato cha tano mbele ya wenzao. Kosa lao ni kwamba wakati wa likizo waliitazama filamu ya Vuta N'kuvute katika kompyuta ya ndugu wa mmoja wao, ilhali riwaya walikuwa hawajaisoma. Mwalimu aliwaambia kwamba wameiua hamu yao kwa mikono yao wenyewe. Tulinyamaza mpaka kipindi kilipokwisha, kisha tukamwuliza kwa heshima, "Mwalimu, darasa hili lina nakala ngapi za riwaya hiyo?" Akafungua mtoto wa meza, akatoa moja. Ilikuwa mali yake mwenyewe, aliyoinunua alipokuwa chuoni. Jalada halikuwapo, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka.

Ndugu msomaji, na tupime jambo hili kwa haki. Vijana wanashutumiwa kwa kuujua mwisho wa hadithi kutoka katika picha, na kitabu pekee ambacho wangeweza kukisoma kwanza hakina mwisho! Je, aliyeitangulia picha ni kijana, au sisi watu wazima ndio tuliokichelewesha kitabu?

Kwanza tukumbushane ni kitu gani kinachozungumzwa. Riwaya ya Vuta N'kuvute iliandikwa na Adam Shafi wa Unguja, ikatolewa mwaka 1999 na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Yasimulia habari za Unguja katika miaka ya 1950, siku za mwisho za utawala wa Waingereza. Humo mna Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume aliyemzidi umri mno, naye akatoroka. Na mna Denge, kijana aliyesoma Urusi akarudi na fikra za kuwaondoa wakoloni. Kwa miaka mingi kitabu hicho kimekuwa miongoni mwa riwaya zinazosomwa katika kidato cha tano na cha sita. Mwaka 2021 Amil Shivji, mtengenezaji filamu wa Kitanzania, alitoa filamu iliyotokana na riwaya hiyo, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto, nchini Kanada. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka filamu hiyo kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa, jambo ambalo taifa letu lilikuwa halijalifanya tangu filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Kitabu cha Kiswahili kimezaa filamu ya Kiswahili, na filamu hiyo imetazamwa na walimwengu. Hili ni jambo la kushangiliwa. Ajabu ni kwamba furaha hiyo ilipofika darasani imegeuzwa kuwa kosa la nidhamu.

Hoja ya kwanza ya washitaki ni kwamba aliyekwisha kuujua mwisho hana hamu ya mwanzo. Hoja hii haiwezi kuwa imetoka katika jadi yetu. Ni mtoto gani wa Kimwera, wa Kimakonde, wa Kimakua au wa Kiyao aliyewahi kumwambia bibi yake anyamaze kwa sababu ngano ya Sungura na Fisi ameisikia jana? Kinyume chake, mtoto huomba ileile ya jana, na bibi akiruka neno, mtoto humsahihisha. Anajua kwamba Fisi ataumbuka. Anachokingoja ni kuona jinsi atakavyoumbuka, na jinsi bibi atakavyolisema jambo hilo safari hii.

Hali kadhalika katika tendi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji, ambao ulitolewa upya mwaka 1957 chini ya uhariri wa W. H. Whiteley. Vita alivyovisimulia vilipiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907, na vilipita katika nchi hii hii yetu ya kusini. Watu wa Lindi wa zama zake walikuwa na haja gani ya kuambiwa vita viliishaje? Viliishia katika nyumba zao na katika mashamba yao. Njaa iliyofuata waliila wao. Na bado mtunzi alitunga, kwa kuwa alijua kwamba kulijua tukio na kulielewa tukio ni mambo mawili. Yeye aliwapa kipimo cha kulipimia jambo walilokwisha kuliona kwa macho yao. Kumbe macho yalitangulia, na maandishi yakafuata, na maandishi hayakupungukiwa na kitu.

Hoja ya pili yasema kwamba utaratibu wenyewe umepinduliwa: kitabu kwanza, picha baadaye. Hapa twawaomba walimu wenzetu wajitazame katika kioo. Kila mwaka twawapa vijana tamthiliya ya Kinjeketile, aliyoiandika Ebrahim Hussein na iliyotoka mwaka 1969. Tamthiliya huandikwa ili ichezwe jukwaani. Maneno yake yangoja sauti ya mtu, na maelekezo yake yangoja miguu ya mtu. Ni wanafunzi wangapi wa Nachingwea na Ruangwa walioiona ikichezwa kabla ya kuijibia maswali? Twawasomesha kwa macho kile kilichoandikwa ili kitazamwe, wala hatuoni kosa; kisha wakitazama kile kilichoandikwa ili kisomwe, twapiga kelele kwamba utaratibu umeharibika! Kama kweli twaujali utaratibu, basi na tuanze kwa kuwachezesha Kinjeketile chini ya mkorosho wa shule, ndipo tuwape kitabu.

Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, kwanza mwaka 1963 na tena mwaka 1969 kwa Mabepari wa Venisi, alikuwa anafasiri kazi ambazo wenyeji wa London walizijua jukwaani kabla ya kuzijua kitabuni. Shakespeare alikufa mwaka 1616, na mkusanyo mkuu wa tamthiliya zake ulichapwa mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake. Watu wengi waliompigia makofi hawakuwahi kushika kitabu chake. Hakuna mwalimu anayesema leo kwamba watu wale waliiharibu fasihi ya Kiingereza.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi. Yasema kwamba picha humfunga msomaji: akiisha kumwona Yasmin wa filamu, hawezi tena kumwumba Yasmin wake mwenyewe. Twakubali kwamba sura ya mwigizaji huganda akilini. Lakini na tukumbuke msomaji tunayemzungumzia ni nani. Kijana aliyekulia Ruangwa, kati ya mikorosho na ufuta, ambaye hajaiona bahari wala kupita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, huumba nini anaposoma maelezo ya baraza, ya roshani, ya jahazi linalotweka tanga? Huumba kitu kwa kukisia, na mara nyingi hulivuka neno asilolijua akaendelea mbele. Filamu imempa bahari na kichochoro. Imempa namna Mwunguja anavyotamka neno. Akikirudia kitabu, anaingia katika mji aliokwisha kuuzuru. Sura moja imegandishwa, ni kweli. Lakini milango mingi imefunguliwa.

Sasa tufike kwenye ukweli tulioahidi kuutaja, maana mwenye kubishana kwa haki hafichi cha mwenzake. Filamu ya Vuta N'kuvute huchukua muda wa kama saa moja na nusu. Riwaya haiwezi kusomwa kwa saa moja na nusu, na haikuandikwa hivyo. Mtengenezaji filamu hana budi kupunguza, kuunganisha, na kuacha. Mawazo ya mtu aliyekaa kimya, ambayo mwandishi huyapa ukurasa mzima, kamera huyapa mtupo mmoja wa jicho. Kiswahili cha msimulizi, kile cha Adam Shafi mwenyewe ambacho ndicho urithi mkubwa wa kitabu, hakionekani kabisa katika picha, kwa sababu picha imechukua kazi yake. Kwa hiyo mwanafunzi anayetazama filamu akaishia hapo, kisha akaingia katika chumba cha mtihani akidhani ameisoma riwaya, amejidanganya, na mtihani utamfichua. Katika hili twasimama pamoja na walimu bega kwa bega. Kosa lake, hata hivyo, ni kuishia njiani. Kuanzia kwenye picha si kosa, kama vile aliyekwenda Mtwara kwa kupitia Masasi hana hatia, maadamu amefika.

Yako mambo mengine mazito zaidi, nayo yahusu vitabu ambavyo havijamalizika. Katika vibanda umiza vya miji yetu vijana hukusanyika kutazama mpira siku za mpira, na siku nyingine hutazama filamu za mfululizo, ambazo wao huziita sizoni. Nyingi zimetiwa maneno ya Kiswahili na wafasiri wanaozungumza juu ya picha, kazi iliyompatia sifa kubwa nchini yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Miongoni mwa filamu za mfululizo zilizovuma duniani ni ile iitwayo Game of Thrones, iliyotokana na vitabu vya Mmarekani George R. R. Martin. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Cha tano kilitoka mwaka 2011, mwaka uleule televisheni ilipoanza kuonyesha mfululizo huo. Mwandishi alikusudia vitabu saba. Televisheni haikumngoja. Ilipofika mwaka 2019 watengenezaji walikwisha kuifikisha hadithi kwenye mwisho walioutaka, huku kitabu cha sita kikiwa bado hakijatoka. Mamilioni ya watu waliujua mwisho wa hadithi ambayo mwenyewe alikuwa hajaiandika. Wengi wakaulalamikia, na hawakuwa na kitabu cha kuupimia.

Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe, na twaomba walimu waione. Mwenye kitabu kilichokamilika, akitazama picha kwanza au baadaye, anayo mizani: aweza kusema hapa mmeongeza, hapa mmepunguza, hapa mmesema uongo. Asiye na kitabu hana mizani. Hulazimika kuyapokea aliyoonyeshwa kuwa ndiyo yaliyokuwa. Kamera haiingoji kalamu. Kalamu ikichelewa, kamera humaliza hadithi kwa namna ipendavyo. Na vijana wale sita, ambao kitabu chao kilipungukiwa na kurasa za mwisho, walikuwa katika hali hiyohiyo, ijapokuwa Adam Shafi aliimaliza kazi yake zamani. Mwandishi alimaliza, sisi ndio tuliowapa kitabu kisichomalizika.

Tena na tuseme zaidi, tusije tukadhani kwamba haya ni ya Marekani na ya Unguja tu. Ziko hadithi zetu wenyewe zilizoachwa katikati. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake, pamoja na Kongwa na Urambo. Msitu ukafyekwa kwa mashine. Bandari ikajengwa Mtwara. Reli ikatandazwa kutoka pwani mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Nachingwea hiyohiyo iliwapokea wapigania uhuru wa FRELIMO, wakafanya mafunzo yao pale panapoitwa Farm 17. Na mwezi wa Mei mwaka 1975 Samora Machel aliondoka hapo kwenda kuivuka Ruvuma, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Wazee walioubeba mzigo wa kuwapokea wageni wale wanapungua kila mwaka. Je, ni riwaya ipi ya Kiswahili tunayowasomesha watoto wetu kuhusu reli iliyokuja ikaondoka? Ni tamthiliya ipi tunayowachezesha kuhusu akina mama wa Nachingwea waliokuwa majirani wa jeshi la ukombozi?

Ruangwa nayo, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea kabla ya kuwa wilaya yenyewe, ilijulikana Afrika nzima kwa njia ya picha: timu yake ya Namungo ilipofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho katika msimu wa 2020/21, watu wa mbali waliusikia mji huo kwa mara ya kwanza kutoka katika televisheni. Twaifurahia sifa hiyo. Lakini siku atakapokuja mtu na kamera kutaka kuisimulia Ruangwa yenyewe, watu wake na vita vyao vya Maji Maji, njaa zao na mavuno yao, atauliza, "Kitabu ki wapi?" Tukimjibu kwamba hakuna, atatunga mwenyewe. Wajukuu zetu wataitazama filamu hiyo, wala hawatakuwa na kitu cha kuisahihishia.

Basi mwizi ni nani? Twaona haya kulijibu swali hili, lakini tukilikwepa tutakuwa tumeandika bure. Sisi ambao tumezitumikia ofisi za umma kwa miaka mingi tumewahi kuketi katika kikao kilichopitisha fedha za kununua televisheni ya ukumbi, na ombi la vitabu vya shule likaahirishwa mpaka mwaka mwingine. Mwaka mwingine likaahirishwa tena. Hatukusimama kupinga. Usiku tuliandika mashairi ya kusifu elimu; mchana tuliweka sahihi. Anayestahili kusimamishwa mbele ya darasa ni mtu kama huyo, si kijana aliyetazama filamu ya nchi yake wakati wa likizo.

Tumesema tutamsaidia mwalimu yule, nasi tulipokwenda Dar es Salaam tulinunua nakala mbili za riwaya, tukazipeleka. Alitueleza jambo ambalo hatutalisahau. Wale sita walioitazama filamu ndio waliokuwa wamemsumbua kila wiki wakiuliza habari za kurasa zilizong'oka, kwa kuwa walitaka kujua kama filamu imesema kweli. Wenzao ambao hawakutazama chochote hawakuuliza chochote. Mwalimu alilisema hilo taratibu, akiwa ameinamisha macho, na sisi hatukuongeza neno.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu. La kwanza, mwalimu anayeweza kuipata filamu kwa njia ya halali na awaonyeshe wanafunzi, kisha wasome, kisha waandike katika daftari ni nini kilichoongezwa, ni nini kilichoachwa, na kwa sababu gani. Zoezi hilo litawafundisha uhakiki kuliko kukariri dhamira na maudhui. La pili, kila senti inayotengwa kwa ajili ya skrini iambatane na senti ya kitabu, na wajumbe wa vikao wathubutu kusimama pale tulipoketi sisi. La tatu, kila shule ya sekondari ya Nachingwea na Ruangwa iwatume vijana wake, kalamu mkononi, kwa wazee waliobaki, wayaandike masimulizi ya karanga, ya reli, ya Farm 17 na ya Maji Maji, kabla kurasa hizo nazo hazijang'oka.

Twamaliza kwa beti moja, maana kila fundi na chombo chake:

Picha ikitangulia, kitabu nacho kiletwe,
Macho yakiangalia, akili nayo ivutwe,
Mwisho wakisimulia, ukurasa usifutwe,
Tusipojiandikia, wa kwanza sisi tusutwe.